Yadi ya Mizigo Ikija Kwetu, Ikae Wapi?



Somo letu la toleo hili ni juu ya jambo ambalo watu wengi huwaachia mainjinia peke yao: mahali pa kuweka yadi ya reli na kituo cha kubadilishia mizigo, kile kinachoitwa bandari kavu. Tumelichagua kwa sababu hapa Kwale maneno ni mengi. Leo utasikia bandari itajengwa upande huu, kesho ati reli itapita upande ule, na mwenye shamba la minazi anaanza kuulizwa bei na wageni asiowajua. Mwingine huuza haraka, halafu mradi usije kamwe. Mwingine hukatalia hata asiyejua anachokataa.

Basi na tujifunze pamoja. Mwananchi anayejua kwa nini kituo huwekwa mahali fulani, na kwa nini hakiwekwi mahali pengine, hadanganywi upesi.

1. BANDARI KAVU NI NINI?

Bandari kavu ni mahali penye nchi kavu ambapo mzigo unabadilisha chombo. Kontena limeshuka melini, limepanda treni. Pale linashushwa, linapekuliwa na watu wa forodha, kisha linapanda lori kwenda dukani au kiwandani. Au kinyume chake: korosho zinakuja kwa lori, zinafungwa kwenye kontena, zinapanda treni kwenda melini.

Yadi ya reli ni ndugu yake. Ni ule uwanja wenye njia nyingi za reli kandokando, mahali mabehewa yanapopangwa, yanapounganishwa na kutengenezwa.

Ukubwa wake tuuelewe kwa mfano. Treni moja ya mizigo ya reli mpya ya SGR hubeba makontena 108 ya futi ishirini. Lori moja lenye trela hubeba mawili. Kwa hiyo treni moja ikifika, ni sawa na malori 54 yamefika kwa mpigo. Je, kijiji chako kina nafasi ya malori 54 kusubiri, kugeuza na kutoka? Na hiyo ni treni moja tu.

2. NAIROBI YENYEWE ILIZALIWA NA YADI

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipita Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road, maana yake ilipita nyumbani kwa Waduruma. Mwaka 1899 ilifika mahali palipokuwa na kinamasi na mto mdogo, na hapakuwa na mji. Mainjinia walisimama pale kwa sababu mbili rahisi: palikuwa na ardhi tambarare kabla ya kuanza kupanda milima kwenda Bonde la Ufa, na palikuwa na maji. Wakaweka yadi na karakana. Yadi hiyo ndiyo ikawa Nairobi.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, yadi ya reli haichagui mahali kwa uzuri wake wala kwa ukubwa wa mkubwa anayetoka pale. Inataka ardhi tambarare, kwa sababu treni ni ndefu mamia ya mita na mabehewa yakiachwa mahali penye mteremko hujiendea yenyewe. La pili, yadi ikishakaa haing'oki. Mji huizunguka, barabara hufuata, na wajukuu hurithi faida au shida ya uamuzi wa siku moja.

3. KITUO HUFUATA MZIGO

Hili ndilo neno kuu la somo letu, na tungependa kila kikundi kilishike: kituo hufuata mzigo. Ukijenga kituo mahali pasipo na mzigo, mzigo hautakuja kwa sababu ya heshima. Hata ukiulazimisha kwa amri, utakwenda kwa manung'uniko.

Tutazame mifano mitatu.

Embakasi. Bandari kavu ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1984, na ikapanuliwa mwaka 2017 ili kupokea makontena 450,000 ya futi ishirini kwa mwaka. Nairobi kuna viwanda, maghala na wanunuzi wengi, kwa hivyo ni mahali penye maana. Lakini mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo ya kwenda bara ipelekwe kwa treni na kutolewa ushuru huko. Mombasa watu waliandamana: wenye malori, mawakala wa forodha, makuli, wenye vibanda vya chakula, wote waliona riziki imehamishwa. Amri ikasitishwa kwa muda mwaka huo huo, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba amri zile zilikuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kurudisha shughuli hizo Mombasa. Tazameni basi: reli ilikuwa ile ile na kituo kile kile. Kilichokosekana ni kuwauliza wenye mzigo na wenye jasho.

Naivasha. Mwaka 2019 reli mpya iliendelezwa kutoka Nairobi kiasi cha kilomita 120 hadi Bonde la Ufa, na bandari kavu ikawekwa upande wa Mai Mahiu kwa ajili ya mizigo ya Uganda na nchi za jirani. Lakini reli mpya ilikoma pale, na reli ya zamani inayokwenda Malaba ilikuwa mbali kidogo. Reli hizi mbili hazilingani upana: ya zamani ni milimita 1,000, mpya ni milimita 1,435, kwa hiyo behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Ikabidi baadaye kujengwa kipande cha kilomita kama 24 kuziunganisha kule Longonot. Fundisho: mwisho wa reli si lazima uwe kituo kizuri. Kituo kizuri ni pale njia mbili zinapokutana.

Kwala. Usichanganye na Kwale yetu. Kwala iko Mkoa wa Pwani, Tanzania, kiasi cha kilomita 90 kutoka Dar es Salaam. Bandari ya Dar ilikuwa imebanwa na mji pande zote, malori yakijaza barabara. Wakatafuta mahali penye ardhi kubwa ambapo reli ya zamani inapita, reli mpya inapita, na barabara ya zege ya kilomita 15 inaweza kuunganishwa na barabara kuu ya Morogoro. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa rasmi Julai 2025. Njia tatu zinakutana mahali pamoja. Hata mtoto wa shule anaweza kuona kwa nini mahali hapo palichaguliwa.

4. SASA TUJE KWETU KWALE

Kwale ni nchi mbili katika kaunti moja. Kuna Kwale ya bara, Kinango na Samburu, na kuna Kwale ya chini, Matuga na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga.

Kwale ya bara ina reli. Ile ya zamani na ile mpya zote zinapita huko, na barabara kuu ya Nairobi pia. Ardhi kule Taru na Mackinnon Road ni tambarare na watu hawajasongamana. Kwa macho ya injinia, upande ule unapendeza. Lakini kuna neno moja la kuuliza. Treni ina faida kwa safari ndefu, maana kupakia na kupakua ni gharama, na gharama hiyo unailipa mara mbili hata kama safari ni fupi. Kontena likitoka Kilindini, likashushwa Samburu na kupandishwa lori, limesafiri mwendo mdogo sana kwa gharama kubwa. Hapo kituo kitakuwa na maana kwa sababu mojawapo kati ya hizi: bandari imejaa na inataka pa kupumulia, kama Dar ilivyofanya, au kuna viwanda na mazao pale pale vinavyojaza mabehewa. Mtu akikuambia kituo kinakuja Taru, muulize kwa upole: ni mzigo gani utakaopakiwa hapa, na unatoka wapi?

Kwale ya chini haina reli hata moja. Ukitazama ramani utaona ajabu: reli ya kaskazini inatoka Mombasa kwenda Voi, na kule kusini kuna reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia reli ya Voi na Taveta ilijengwa kuunganisha hizo mbili. Kwa hiyo reli zimetuzunguka kama ukuta wa boma, na sisi wa Diani na Msambweni tuko katikati bila kuguswa. Mzigo wetu wote ni wa barabara, na kwa miaka mingi kivuko kikuu kilikuwa feri ya Likoni, inayovusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku pamoja na magari.

Wenye mali wakubwa walilijua hilo. Mchanga wa titani ulipochimbwa Kwale kuanzia mwaka 2013, kampuni ya Base Titanium haikutaka kupanga foleni ya feri kwa mzigo wake mkubwa. Ilijenga ghala na gati lake Likoni, upande wetu huu wa kusini, malori yakawa yanatoka mgodini na kufika melini bila kuvuka maji. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Hapo kuna mafundisho mawili. Walichagua mahali kwa kufuata mzigo, na wakafanikiwa kusafirisha. Lakini mzigo wa mgodi una mwisho. Jamii inayotegemea kituo cha mzigo wa aina moja, lazima ijiulize siku ile mzigo utakapokwisha itakula nini.

Sasa hali inabadilika. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini kupitia Mwache na daraja refu la Mteza hadi Kibundani, imefungua njia ya kufika bara bila feri. Daraja la Mteza peke yake ni karibu kilomita moja na nusu. Huko Dongo Kundu kuna eneo maalum la kiuchumi lililotengewa viwanda na maghala. Na Shimoni kuna mradi wa bandari ya uvuvi. Kwa hiyo upande wa Kibundani na Ng'ombeni, pale barabara ya Lunga Lunga inapokutana na hiyo mpya, njia zinakutana. Na tumeshasema: njia zinapokutana, ndipo kituo huja.

Kwa maoni yetu, kituo ambacho Kwale ya chini inaweza kukitumia mapema kuliko vyote ni kituo kidogo cha barabara, chenye ghala, mizani, chumba cha baridi na mahali pa kupanga mazao, karibu na makutano hayo. Korosho, nazi, maembe, bixa, ndizi na samaki havijazi treni ya mabehewa 54. Vinajaza malori, vikikusanywa mahali pamoja. Mkulima wa Lukore au Mwereni hahitaji treni mlangoni. Anahitaji mahali ambapo magunia yake kumi yataunganishwa na ya wenzake mia, yapimwe kwa mizani ya haki, na yafike kwenye reli kule Miritini yakiwa mzigo mmoja. Asipopata hapo, dalali wa njiani ataendelea kumpangia bei.

5. MAMBO AMBAYO MCHORO HAUONYESHI

Mchoro wa mradi huonyesha reli, maghala na kreni. Kuna mambo mengine ambayo sisi wakaaji tunayajua kuliko mwenye mchoro, na ni wajibu wetu kuyasema.

Maji. Visima vya Tiwi vinanywesha watu wengi, wakiwemo wa Diani na Likoni. Maji yale yanakaa chini ya mchanga. Yadi yenye malori na injini humwaga mafuta kidogo kidogo kila siku, na mchanga hauzuii. Yadi ya kutengenezea magari isiwekwe juu ya maji ya kunywa.

Kaya na mikoko. Kaya Kinondo na Kaya Duruma zimo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Wazee wa kaya waulizwe kabla ya mipaka kuchorwa. Na mikoko ya Mwache na Tsunza ni kitalu cha samaki. Ikifukiwa, mvuvi ndiye wa kwanza kulala njaa.

Watoto na njia. Yadi ni ukuta mrefu. Ikikaa kati ya nyumba na shule, au kati ya nyumba na kisima, watoto watapita chini ya mabehewa. Tudai vivuko vya watu na vya mifugo viwekwe katika mchoro wa mwanzo. Vikiombwa baada ya ajali, vimechelewa.

Maisha ya barabarani. Mahali malori yanapolala, hufuata hoteli, gereji na pesa ya haraka, na hufuata pia pombe, magonjwa, na wasichana kuacha shule. Tusiwatupie lawama madereva peke yao. Dereva aliyesubiri siku tatu bila choo wala mahali pa kulala naye ni binadamu. Kituo kilichopangwa vizuri kina maegesho ya ndani, vyoo, zahanati na taa. Kilichopangwa vibaya huacha malori yalale mbele ya shule.

Na kuna upande wa pili. Mizigo ilipohamia kwenye treni kuanzia mwaka 2018, miji ya barabarani kama Mariakani na Mtito Andei ililia kwa kukosa wateja. Kituo kinachosogezwa kilomita chache hufungua kibanda cha mmoja na kufunga cha mwingine. Watu hao wote wawili ni jirani zetu.

6. HAKI YA MWENYE SHAMBA, NA YA ASIYE NA HATI

Tunajua kwetu pwani shida kubwa ni hati. Mtu amezaliwa chini ya mwembe uliopandwa na babu yake, na karatasi iko kwa mtu mwingine. Kwa hiyo tushike haya:

a) Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema serikali ikichukua ardhi kwa faida ya umma lazima ilipe fidia ya haki na mapema. Kifungu hicho hicho kinaruhusu fidia kwa wanaokaa kwa nia njema hata kama hawana hati. Kwa hiyo asiye na hati asikae kimya. Aandikishwe nyumba, miti na makaburi.

b) Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka Tume ya Taifa ya Ardhi itangaze nia ya kuchukua ardhi katika Gazeti la Serikali. Baada ya siku zisizopungua 30, kunapangwa kikao cha kusikiliza madai. Dai lako lifike kwa maandishi kabla ya kikao au siku yenyewe. Neno la mdomo kwa mzee wa mtaa halitoshi.

c) Sheria ya 2019 ya kukadiria thamani ya ardhi inaruhusu fidia isiwe pesa tu, inaweza kuwa ardhi mbadala au hata hisa. Inasema pia malipo yasipite mwaka mmoja tangu ardhi kuchukuliwa. Familia ijadili mapema: tukipewa pesa, mwaka ujao tutakuwa wapi? Mama na watoto wawepo kwenye mazungumzo hayo, maana akaunti ya benki mara nyingi ni ya baba peke yake.

d) Mradi mkubwa wa namna hii lazima ufanyiwe tathmini ya mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999, na NEMA ipokee maoni ya wananchi kabla ya kutoa leseni. Mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe kule Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu hawakushinda kwa kurusha mawe. Walisoma ripoti, wakauliza maswali, wakahifadhi karatasi zao.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Mkikutana katika jumuiya, kikundi cha akina mama au chama cha ushirika, chukueni saa moja. Mmoja asome, mwingine aandike.

1. Katika kata yetu, ni mzigo gani unaotoka kila wiki, na ni kiasi gani? Uandikeni kwa magunia.
2. Mzigo huo unapita njia gani hadi sokoni? Ni wapi tunapopoteza pesa: kwenye dalali, kwenye kuoza, au kwenye kusubiri?
3. Kama kituo kingekuja, ni mahali gani hapa kwetu pasiguswe kabisa? Chorani ramani ya visima, kaya, makaburi, shule na njia za mifugo.
4. Nani kati yetu hana hati, na ana ushahidi gani wa kukaa kwake?
5. Ni nani atakayekwenda kwenye mkutano wa hadhara kutusemea, na atarudi lini kutupa ripoti?

Ramani hiyo ya swali la tatu iwekeni mahali salama, nakala moja kwa mwenyekiti na nyingine kwa katibu. Siku wapimaji watakapokuja na vigingi vyao, msiwakimbie wala msiwafukuze. Wakaribisheni kivulini, wapeni maji, kisha watandikieni ramani yenu mezani. Muulizeni kila anayeleta mradi maswali yale yale matatu: Mzigo uko wapi? Njia zinakutana wapi? Na sisi tutakuwa wapi?

Asiyeweza kujibu matatu hayo, msimuuzie shamba.